Kununua Nyumba Ilemela: Anza kwa Jirani, Maliza kwa Msajili

Bikoni ya nne ya kiwanja changu, ile alama ya mpaka, niliikuta ndani ya banda la kuku la jirani. Muuzaji alikuwa amenionyesha uzio wa michongoma akasema mpaka ni huo. Mpima niliyekwenda naye akasoma kifaa chake, akapita uzio, akainama bandani, akafukua mbolea kwa fimbo, na kichwa cha zege chenye chuma katikati kikatokea. Kilikuwa mita mbili na nusu ng'ambo ya michongoma. Mama mwenye banda wala hakushtuka. "Mimi nilijua ipo, mwanangu," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu. Ilemela ni mchanganyiko. Kwenye mtaa mmoja utamkuta Msukuma aliyezaliwa pale kabla mji haujafika, Mkerewe na Mjita waliovuka maji, Mhaya aliyehamishiwa kikazi akabaki, Mkurya, Mjaluo, Muha, na kijana aliyetoka Dar es Salaam juzi. Kijijini kwetu mzee mmoja anaweza kukusimulia shamba limepita mikononi mwa nani tangu enzi za babu yake. Hapa historia ya kiwanja kimoja imegawanyika vichwani mwa watu watano wasiotoka kabila moja wala kusali mahali pamoja. Lazima uwafikie wote. Ukishawasikia, nenda ofisini ukalinganishe na karatasi. Penye tofauti kati ya maneno yao na karatasi, simama hapo hapo.

Hatua ya 1: Chagua upande kabla ya kuchagua nyumba

Watu husema "Mwanza mjini" kama kitu kimoja, lakini mji una halmashauri mbili. Kuna Jiji la Mwanza lililo Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela iliyoanza mwaka 2012, makao yake Buswelu. Buzuruga na Nyakato ziko Ilemela. Ukisogea kidogo barabara ile ile ya Musoma ukafika Igoma, uko Nyamagana. Jambo hili lina uzito, kwa sababu kibali cha ujenzi, ramani ya mipango miji na jalada la kiwanja vinafuata halmashauri. Nimemwona mtu akizunguka Jiji wiki nzima akitafuta jalada lililokuwa Buswelu.

Kirumba na Kitangiri ni karibu na mjini na kila kitu kiko mlangoni, lakini nyumba zimebanana. Ukiwa jirani na Mwaloni, malori ya samaki na harufu ya dagaa ni sehemu ya maisha yako, na ukiwa karibu na uwanja wa CCM Kirumba, siku ya mechi usipange kutoa gari. Pasiansi, Bwiru na Ilemela yenyewe ziko njia ya uwanja wa ndege, ziwa liko jirani, na bei inapanda kadiri unavyoliona dirishani. Kiseke, Nyasaka na Buswelu zina viwanja vingi vilivyopimwa, barabara za mitaa zinaeleweka, na kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza mimi namshauri aanzie huko. Nyamhongolo imechangamka tangu stendi mpya ya mabasi ije. Sangabuye na Kayenze ni mbali, ni pa wavuvi na wakulima, na ardhi nyingi huko bado inauzwa kwa hatua za miguu. Hiyo inahitaji uangalifu mara mbili.

Panda daladala kutoka kila eneo unalolifikiria saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, uone unafika kazini saa ngapi. Fanya hivyo hivyo jioni. Kama nyumba iko mlimani, uliza bodaboda wanaishia wapi usiku.

Hatua ya 2: Nenda siku ya mvua, na nenda bila dalali

Dalali atakupeleka Jumamosi saa nne, jua limewaka na ziwa linang'aa. Mshukuru, mpe pesa yake ya usumbufu kama mlivyokubaliana, kisha urudi peke yako mvua ikinyesha, Aprili au Novemba ikiwezekana.

Mwanza imejengwa juu ya mawe, na mawe yana tabia zake. Maji hayazami kwenye mwamba, yanateremka juu juu, na yanapita penye nyumba ya chini. Tazama ukuta wa nje usawa wa goti: mstari wa kahawia unaokwenda sambamba na ardhi ni alama ya maji, hata kama rangi mpya imepakwa juu yake. Rangi iliyopakwa chini tu, kimo cha mita moja, nayo ina sababu. Kama kuna jiwe kubwa juu ya nyumba, panda ulizunguke. Jiwe lililokaa kwenye mwamba mwenzake halina neno. Lililoshikiliwa na udongo, na udongo huo unachimbwa na mtu kwa ajili ya kujengea, hilo likimbie.

Kisha choo. Watu wengi hukagua jiko na sebule, choo wanakipita. Kwenye vilima kama Kilimahewa shimo likichimbwa hukutana na mwamba mapema, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi na hujaa haraka. Uliza shimo lina kina gani, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari la kunyonya linafika wapi. Kama gari halifiki, gharama hiyo itakufuata kila mwaka. Uliza pia kama mtaa umeunganishwa na mabomba ya majitaka ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza.

Kuhusu maji safi usiulize kama yapo, kwa sababu kila muuzaji atasema yapo. Hesabu matangi. Mtaa ambao kila nyumba ina tangi la lita 2,000 na zaidi unakuambia wazi kwamba maji yanakuja kwa zamu. Omba kuona bili ya karibuni ya nyumba hiyo.

Hatua ya 3: Kaa na majirani

Hatua hii mimi niliipa majuma mawili, na sijutii hata siku moja.

Usiende na maswali mkononi kama karani wa sensa. Nenda dukani ununue soda, ukae. Kwa mzee wa Kisukuma "mwangaluka" ya asubuhi inafungua mlango, kwa wengine shikamoo inatosha. Sema ukweli: "Nataka kununua ile nyumba, nimekuja kuwajua mtakaokuwa majirani zangu." Watu wanaheshimu hilo. Mimi niliongea na mjumbe, na mama mkubwa kuliko wote pale mtaani, na kijana wa kibanda cha kutoa pesa, na fundi aliyepiga lipu nyumba yenyewe. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Fundi alijua msingi umewekwa nondo za unene gani, mjumbe alijua kesi zilizofika kwake, na mama mkubwa alijua nani aliolewa pale na nani aliondoka akilia.

Uliza nani alijenga na alinunua kwa nani. Uliza kama kuna mtu amewahi kuja kudai. Uliza muuzaji ana familia ngapi, tena uliza kwa staha, maana jibu la swali hilo litaokoa fedha zako kuliko yote.

Na ujiulize wewe mwenyewe kama utaweza kuishi hapo. Adhana ya alfajiri, mkesha wa Ijumaa wenye spika, mashine ya kusaga, baa ya kona, vyote hivyo vilikuwepo kabla yako na vina haki ya kuwepo. Usinunue ukitegemea mtaa utabadilika kwa ajili yako. Mimi nyumba yangu iko kati ya msikiti na kanisa la Kipentekoste, na kabla ya kulipa nililala kwa rafiki yangu mtaa huo huo usiku wa Ijumaa na Jumamosi, nipime. Watoto wangu leo wanakula Idi na Krismasi kwa majirani, na wanaamkia kwa lugha tatu.

Hatua ya 4: Jua ni karatasi gani unauziwa

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na ndiyo maana hati miliki ina miaka: 33, 66 au 99. Angalia imebaki mingapi. Kama wewe si raia wala mtu mwenye asili ya Tanzania, hata ukiwa umeishi Mwanza miaka 20, sheria hiyo hiyo haikuruhusu kumiliki ardhi ila kwa uwekezaji, na njia ya kuweka jina la rafiki inaishia pabaya.

Hati miliki ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote. Itaandika namba ya kiwanja, kitalu na eneo, mfano Kiwanja Na. fulani Kitalu "B" Nyasaka. Omba kuona hati halisi, kwa kuwa nakala ya rangi si hati. Muuzaji akisema hati iko kwa ndugu yake Dodoma, mwambie utasubiri irudi. Mara nyingi "ndugu" huyo ni benki.

Barua ya toleo, yaani ofa, ni ahadi kuelekea hati. Siyo hati yenyewe, na ina malipo ambayo huenda hayakulipwa. Kisha kuna nyumba zilizopitiwa na urasimishaji, yaani kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango: ramani imeidhinishwa, bikoni zimewekwa, lakini mwenye nyumba hakwenda kumalizia hati. Hizi mara nyingi ni nafuu na ni salama kiasi, mradi ujue deni lililobaki na ulikate kwenye bei.

Mwisho kuna mkataba wa mauziano uliopigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Nyumba nyingi za Mwanza zimeuzwa hivyo. Muhuri huo ni ushahidi kwamba fulani na fulani waliuziana mbele ya mwenyekiti. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa mmiliki. Na ukiambiwa utoe asilimia 10 ya bei ili upigwe muhuri, uliza iko kwenye sheria gani, udai risiti ya serikali. Kwenye Sheria ya Ardhi haimo.

Hatua ya 5: Upekuzi

Nyumba yenye hati inapekuliwa kwa msajili wa hati, katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo huna haja ya kusafiri. Unajaza maombi ukitaja namba ya hati na ya kiwanja, unapewa control namba, unalipa, unasubiri jibu la maandishi. Jibu linakuambia mmiliki aliyesajiliwa ni nani, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu yeyote. Linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, herufi kwa herufi. Fanya upekuzi mara mbili: mwanzoni, na tena siku moja au mbili kabla ya kulipa fedha kubwa. Ndani ya majuma sita mtu anaweza kukopa.

Kama nyumba haina hati, nenda idara ya ardhi ya manispaa, Buswelu, pamoja na mpima mwenye vipimo vya eneo. Waombe waone kwenye ramani ya mipango miji pamepangwa nini. Nyumba nzuri yenye maua inaweza kuwa imekaa juu ya eneo la shule, eneo la wazi au barabara ambayo bado haijachongwa. Mpima huyo huyo ndiye wa kukutafutia bikoni. Zione zote kwa macho, muuzaji na majirani wa kila upande wakiwepo. Kwangu mimi mama wa banda la kuku alikubali kusogeza banda, nami nikamnunulia mabati mapya manne. Kama ningeligundua hilo baada ya kulipa, tungeanza ujirani kwenye baraza la ardhi.

Hatua ya 6: Ndoa na mirathi

Nyumba ya kwanza niliyoipenda haikuwa hii. Ilikuwa Pasiansi, vyumba vitatu, mwembe uani. Mume alisaini, mke aliyekuwa naye alisaini, wakili alikuwa tayari. Mama mkubwa kuliko wote wa mtaa ule ndiye aliyenivuta kando akaniuliza, "Na yule wa Sengerema naye amesaini?" Kulikuwa na mke wa kwanza, ndoa haikuvunjwa, na matofali ya nyumba ile yaliletwa kwa fedha za biashara yake ya samaki. Nilimtafuta kwa simu. Hakujua kabisa kwamba nyumba inauzwa. Niliachana na nyumba ile siku hiyo hiyo, na hadi leo nahisi kubwa lililonisumbua halikuwa fedha zangu, bali kwamba mimi ndiye ningemtoa yule mama kwenye jasho lake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo dai ridhaa ya maandishi, na kama muuzaji anasema hajaoa au ametalikiwa, dai kiapo au talaka ya mahakama. Wake wakiwa wawili, ridhaa ni mbili. Usione aibu kuuliza.

Kama aliyeandikwa kwenye hati amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini ishirini, hautoshi peke yake. Msimamizi aandikishwe kwanza kwa msajili, ndipo akuhamishie wewe. Na ongea na warithi mmoja mmoja, hasa mabinti walioolewa mbali na mjane, kwa sababu hao ndio wanaosahauliwa na ndio wanaokwenda mahakamani, tena kwa haki.

Hatua ya 7: Ziwa, barabara na uwanja wa ndege

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Shughuli za kudumu haziruhusiwi humo. Utauziwa nyumba iliyomo ndani ya mita hizo na utaambiwa "wote tumejenga". Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likavuka rekodi iliyokaa tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Waliokuwa karibu waliona maji mlangoni. Na kama una watoto wadogo, kumbuka kichocho kipo kwenye maji ya pembeni wanayopenda kuchezea.

Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Pima kwa utepe, usikadirie, na alama ya X ukutani, ile ya kubomolewa, usikubali kuelezwa na muuzaji, kaulize TANROADS, wakala wa barabara. Nyumba zilizo jirani na uwanja wa ndege zinahitaji swali hilo hilo la mipaka.

Hatua ya 8: Bei, mkataba na malipo

Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala rafiki wa dalali. Mthamini aliyesajiliwa atakupa thamani unayoweza kuishikilia mezani, na ripoti hiyo utaihitaji wakati wa uhamisho pia. Kila kasoro uliyoikuta kwenye mvua, shimo la choo na deni la ofa, itaje kwa upole na uiombee punguzo. Dalali kwa kawaida hulipwa na muuzaji, lakini kubalianeni mapema, kwa maandishi.

Mkataba uandike kodi zipi analipa nani, deni la pango la ardhi, bili ya maji, na tarehe ya kukabidhi funguo. Mimi nililipa kwa mafungu matatu, yote kwa benki: kidogo wakati wa kusaini, kingi baada ya idhini ya uhamisho, na cha mwisho siku ya funguo. Fedha taslimu kwenye bahasha sikuzitoa, hata zile ndogo za mwanzo.

Hatua ya 9: Kuhamisha jina

Kwa nyumba yenye hati, wakili atajaza Fomu Na. 29, 30 na 35: ya taarifa, ya kuomba idhini na ya uhamisho wenyewe. Kuna uthibitisho wa mthamini wa serikali, kodi ya pango la ardhi iliyolipwa hadi mwaka huu, na TRA, mamlaka ya mapato. Huko muuzaji anadaiwa kodi kwenye faida aliyoipata, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10, na mnunuzi ushuru wa stempu, karibu asilimia 1. Wauzaji wengi humsukumia mnunuzi zote mbili, ndiyo maana nasema mkataba utaje. Viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo waulize TRA mwezi huo huo unaonunua. Kisha ufuatilie hadi jina lako lisomeke kwenye hati. Watu wengi huishia kwenye mkataba, wakaweka sandukuni, na nyumba inabaki ya marehemu kwa miaka 15.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Badilisha vitasa. Peleka hati TANESCO na MWAUWASA akaunti ziwe zako. Ukinunua umeme mara ya kwanza usishtuke ukikatwa zaidi, kwa sababu kodi ya jengo inakusanywa kupitia LUKU na miezi ambayo mita haikununuliwa umeme hujikusanya. Jiandikishe kwa mtendaji wa mtaa, ukajitambulishe kwa mjumbe.

Mimi Jumapili ya kwanza niliwazungusha watoto kwenye bikoni zote nne, kila mmoja akaweka mkono juu ya zege. Ya nne ilibidi tubishe hodi. Mama wa kuku alikuwa ameifagilia, akaizungushia mawe meupe ya ziwani, ili banda jipya lisiifunike tena.